Mlio wa Pumzi ya Leodgar

Ijumaa, 7 Juni 2024

Upepo tangu alfajiri. Ziwa limechafuka, na maboti mengi hayakutoka Kibirizi. Leodgar amekwenda hata hivyo. Injini zinamngoja ufukweni, na mume wangu injini ikimngoja hapati raha. Anakaribia sabini! Nimemwambia kwamba fundi wa umri wake huketi kwenye kigoda na kuelekeza wengine. Hakujibu kwa maneno. Alifanya ile ishara yake: akavuta kamba ya injini isiyokuwepo, mara moja, kwa nguvu, mpaka begani. Maana yake: washa, twende, maneno yamekwisha. Watoto wetu wamelelewa kwa ishara hiyo. Mimi mwenyewe nimewahi kuamriwa kwa ishara hiyo mbele ya padri.

Amerudi jioni akinuka petroli. Sauti yake ilifika kabla yake, kama kawaida. Amezoea kusema juu ya kelele za injini, hata kunong'ona hajui. Mwanvua, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipiga kelele kutoka uani kwake: "Baba Frida, punguza! Hapa Ujiji hatujawa viziwi!" Naye akamjibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba viziwi hawajijui.

Nimepika maharage. Siku njema.

Jumapili, 9 Juni

Leodgar hakuimba kanisani. Yeye ni besi, na besi ile isipokuwepo wimbo wote unakaa vibaya. Nilimtazama mara mbili. Alikuwa anafungua kinywa, hakuna kinachotoka. Alipoona ninamtazama akafumba.

Mchana tulikula samaki, mgebuka wa kukaanga. Alikula kidogo, akasukuma sahani. Alisema kooni kuna kitu kinakwaruza. Nikasema: mwiba. Katika mji huu kila koo linalouma ni mwiba, na dawa yake tunaijua sote tangu utoto. Nikamfinyangia tonge kavu la ugali wa muhogo. Usitafune, nikamwambia, meza zima, litausukuma.

Akameza. Machozi yakamtoka. Leodgar, ambaye aliwahi kupondwa kidole na injini na akaendelea kufanya mzaha!

Sasa amelala. Anageuka sana. Mwiba haukutoka. Au hapakuwa na mwiba — wazo hili sikulipenda, nimeliandika ili linitoke.

Jumatatu, 10 Juni

Homa. Ngozi yake inachoma kama sufuria. Hakunywa hata uji. Kila akimeza anafumba macho na kukunja vidole vya miguu.

Nilikwenda duka la dawa, nikaeleza, nikapewa vidonge. Kidonge cha kwanza kilikwama. Alikitema. Nikakiponda, nikakikoroga katika maji. Maji nayo yakarudi. Nikakasirika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikasirika.

Nikamketisha mlangoni penye mwanga. Nikabonyeza ulimi kwa mpini wa kijiko, nikamulika kwa tochi ya simu. Nilitazama kwa makini, kama nilivyozoea kutazama madaftari ya wanafunzi. Koo safi! Wekundu kidogo tu. Hakuna usaha, hakuna uvimbe, hakuna mwiba. Akakohoa ghafla, akaukamata mkono wangu na kuusukuma, macho yamemtoka. Hajawahi kunisukuma katika ndoa yetu yote. Nikamwambia: koo lako halina kitu, unaogopa kumeza kama mtoto mdogo.

Akakichukua kijiko, akakiweka mbali nami.

Baadaye nikawaza: kama halina kitu, mbona linauma hivyo? Maumivu makubwa, na kooni hakuna cha kuonekana. Mambo hayo mawili hayakubaliani. Nimekaa nayo jioni nzima.

Dada yake, Regina, alipiga simu kutoka Simbo. Leodgar akapokea. Sauti haikuwa yake. Si ya mafua, maana ya mafua naijua. Ilikuwa kama ya mtu aliyejaza ugali wa moto mdomoni na anajaribu kusema bila kuungua. Nilikuwa jikoni, nikadhani kuna mgeni sebuleni.

Regina akaomba kusema nami. Hata salamu hakumaliza. "Kimeo hicho, wifi! Nimekisikia hapa hapa kwenye simu."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Kwao, mtoto akikohoa sana au akiumwa koo mara kwa mara, kinakatwa. Watoto wote wa nyumba yao walikatwa isipokuwa Leodgar. Siku ya kukatwa alitoroka, akajificha ndani ya mtumbwi wa mjomba wake chini ya nyavu mpaka jua likazama. Ni hadithi yake mbele ya wageni wote. Hudai kwamba kimeo chake ndicho cha pekee kilichobaki katika ukoo, na kwamba sauti yake kubwa inatoka humo. Regina hacheki. Kila mara husema kitakuja kumkaba.

Leo amesema: "Nilisema. Sikusema?"

Jumanne, 11 Juni

Amepitisha usiku kitini. Nilimtandikia, akalala, akainuka mara moja kama aliyechomwa. Nikaweka mito, haikusaidia. Anataka kukaa ukingoni mwa kiti, mwili umeinamia mbele, mikono juu ya magoti, kidevu amekisukuma mbele kama mtu anayechungulia dirishani. Akiketi hivyo anapata nafuu. Akiegemea nyuma kidogo tu, anahangaika.

Mate hayamezeki. Ameshika kopo, anatema. Mengine yanamdondoka kidevuni naye anayafuta upesi kwa kiganja, anaona aibu, anageuza uso nisimwone. Mimi! Nimempa kanga yangu ya zamani. Imeloa. Nimempa nyingine.

Kuna mlio. Ulianza asubuhi, mwembamba. Niliposikia mara ya kwanza nilikwenda kufunga dirisha, nikidhani ni upepo unaopita kwenye ufa. Dirisha lilikuwa limefungwa. Ni yeye. Akivuta pumzi ndani, unalia, akiitoa, kimya. Ndani unalia, nje kimya. Tangu hapo sisikii kitu kingine ndani ya nyumba hii. Nasikiliza huku nikifagia. Nikiwa uani nasikiliza.

Ninaogopa. Sijui ninaogopa nini hasa, kwa sababu koo nililiona na lilikuwa safi.

Nilisema twende hospitali. Akaonyesha kwa mkono: kesho. Nikasema leo. Akaonyesha kifua, akatikisa kichwa — hakohoi, kifua kizima. Nilikuwa ninatafuta viatu vyake wakati Regina alipoingia, na kapu kichwani na mkungu wa ndizi.

"Mwakeye," akasalimu kwa salamu ya Kiha ya asubuhi, ingawa ilikuwa saa tisa alasiri. Akaweka kapu chini, akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Wakasemezana Kiha, yaani alisema yeye, Leodgar akatikisa kichwa. Mama yao alipofariki, Regina ndiye aliyemlea Leodgar. Mbele yake Leodgar huwa mtoto, na mimi huwa mgeni aliyeolewa jana.

Nikasema tunakwenda hospitali. Akasema hospitali tutapewa vidonge. Kidonge kitapita wapi, na njia imezibwa? Akasema kimeo cha mtu mzima ni kigumu, si cha kuchezea, na kwamba amekwisha kumwita Mzee Yona, ndiye mkataji wa huko kwao, atafika kesho asubuhi na mapema.

"Mwalimu Skolastika," akaniambia — ananiita hivyo akitaka kunichokoza — "umefundisha watoto wa mji mzima. Lakini kimeo hakimo katika vitabu vyako."

Leodgar akacheka kidogo. Kicheko kikageuka mlio.

Tukakubaliana hivi: asubuhi Mzee Yona, kazi ya dakika moja kwa maneno ya Regina, kisha moja kwa moja hospitali. Nilikubali. Nilijiambia ni busara kuwaridhisha wote. Viatu vyake nilikwisha kuvipata, viko mlangoni, na nilikubali.

Frida amepiga simu kutoka Tabora. Nimemwambia baba yako ana koo tu.

Jumatano, 12 Juni

Naandika kwenye benchi, hospitali ya mkoa. Daftari hili lilikuwa mkobani pamoja na kadi ya bima. Nikiandika natulia kidogo, basi nitaandika.

Mzee Yona alikuja asubuhi. Mtu safi, kofia mkononi, mpole. Alinisalimu kwa heshima, akaomba maji ya moto, akachemsha kisu chake katika sufuria yangu ya chai. Kisu kidogo, ncha imepinda kama kucha. Akatandika mkeka. Akaeleza kwamba mgonjwa hulala chali, kichwa mapajani mwa ndugu, uso juu, kinywa wazi kuelekea mwanga.

Leodgar akatikisa kichwa. Hapana. Akashika kiti kwa mikono miwili.

Regina akacheka, akaketi mkekani na kupiga mapaja yake. "Mara ya kwanza ulinikimbia. Leo utakimbilia wapi, na mtumbwi wa mjomba umeshaoza?"

Leodgar akajaribu kucheka naye. Nilimwona. Alikuwa anamwogopa dada yake kidogo, anampenda sana, na alikuwa amechoka. Akashuka kitini. Nikamshika mkono wa kulia mimi mwenyewe. Nikamsaidia kulala.

Mlio ukakoma.

Mzee Yona hakuwa amemgusa. Kisu kilikuwa bado katika kitambaa. Leodgar alilala chali tu, basi, na hewa ikakatika. Miguu ikapiga mkeka. Kifua kikainuka, hakuna kilichoingia. Midomo ikageuka rangi ya jivu mbele ya macho yangu. Alinitazama mimi, si Regina.

Nani aliyepiga kelele sijui. Nadhani ni Mzee Yona. "Mwinueni! Mwinueni!" Yeye ndiye aliyempitishia mikono makwapani, mimi nikamvuta, tukamketisha, tukamwinamisha mbele. Mate yakamwagika. Kisha mlio ukarudi — ule mlio mbaya niliouchukia jana kutwa. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake!

Mzee Yona alirudi nyuma mpaka ukutani. "Mimi sijamgusa, mama," akasema. Ni kweli. Nikamwambia achukue kisu chake aende. Alikwenda, akasahau kofia.

Mwanvua alikwisha kusikia. Aliingia bila hodi, akamwona, akatoka mbio kumwita Gasper mwenye gari. Wakati wa kumwingiza garini Gasper alitaka kumlaza kiti cha nyuma apumzike. Nikasema asilazwe. Aliketi mbele, kifua kimelalia mikono yake mbele ya kioo. Kila tuta la barabarani Gasper alilipita taratibu, huku akiomba radhi, akiliambia tuta lenyewe samahani. Mimi nilikuwa nyuma, kiganja changu mgongoni mwa Leodgar. Nilihesabu pumzi kwa kiganja, si kwa sikio. Sikio lilikuwa linadanganya, maana injini ya gari nayo ilikuwa inalia.

Mapokezi walileta kitanda cha magurudumu. Muuguzi akasema kwa upole: lala, baba. Leodgar akashika ukingo na kukataa. Nikasema, "Asilazwe!" Niliisema kwa sauti yangu ya darasani, ambayo sijaitumia tangu nistaafu. Mtoto mmoja akaacha kulia.

Daktari akatoka chumbani. Mwanamke, kijana, jina lake Diana. Hakumkimbilia. Alisimama hatua kidogo mbali, akamtazama anavyokaa, akasikiliza. Kisha akasema maneno machache sana, upesi, kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele. Aketi anavyotaka mwenyewe. Asilazwe. Asichomwe chochote kwanza, asiudhiwe. Na mtu yeyote asimtie kitu kinywani — si kijiko, si kijiti, si kidole.

Niliposikia "kijiko" nilishtuka, kana kwamba alikuwapo Jumatatu.

Akaniuliza mimi, taratibu, huku macho yake yako kwa Leodgar. Lini ilianza? Anameza mate? Sauti ilibadilika lini? Homa? Nikajibu vizuri. Nikamwambia pia kwamba nilimtazama koo na halikuwa na kitu.

"Ndivyo inavyokuwa, mama," akasema. "Ukitazama huoni kitu, na mgonjwa anaumia vibaya. Ugonjwa uko chini zaidi, kijiko hakifiki. Na kijiko chenyewe kinaweza kuziba njia."

Akaeleza. Nyuma ya ulimi, chini, kuna kifuniko kidogo. Mtu akimeza, kinafunika njia ya hewa ili chakula kisiingie, akipumua, kinafunguka. Cha Leodgar kimeingia wadudu, kimevimba, kimekuwa kama zabibu kubwa juu ya njia nyembamba. Akiinama mbele kinaanguka mbele, hewa inapita. Akilala chali kinaanguka nyuma. Watu wengi wanadhani ni ugonjwa wa watoto, akasema, na watu wazima huja wamechelewa.

Leodgar alielewa kabla yangu. Aliinua vidole viwili, akaonyesha kitu kama kijikono kidogo kinachovutwa — kile kinachobana hewa ya injini. Akakivuta mpaka mwisho. Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa. Nimeishi na injini zake sebuleni mwangu.

Jumatano, baada ya adhuhuri

Wamemweka chumba cha karibu na mlango wa upasuaji, kwenye kiti, si kitandani. Hewa ya mtungi inapulizwa mbele ya uso wake. Barakoa hawakuifunga, ameishika mwenyewe. Walipoona ametulia wakamtia sindano ya mshipa mkononi, na dawa inadondoka. Dawa ya kuua wadudu, na nyingine ya kupunguza uvimbe. Daktari amesema zitafanya kazi, lakini zinahitaji saa nyingi. Swali ni kama njia itatupa saa hizo.

Nikauliza kuhusu picha ya shingo. Akasema hatampeleka chumba cha picha, mbali na watu wanaoweza kumsaidia, ili tupate picha ya kile tunachokisikia. Anamngoja mtaalamu wa usingizi. Yuko ndani, anahudumia mama anayejifungua kwa upasuaji. Akitoka, atakuja kumwona Leodgar moja kwa moja. Daktari mwenyewe haondoki mlangoni. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi: ana wagonjwa wengi, na haondoki.

Regina amefika na Mwanvua. Hakunitazama. Alimwendea daktari na kumwuliza waziwazi kama si kimeo. Nilijiandaa kuona aibu. Daktari akauliza tu, "Mmemkata?"

"Hapana. Alizidiwa kabla."

"Mshukuruni Mungu," akasema daktari.

Regina akaketi sakafuni, pale pale, na benchi lilikuwapo. Mwanvua akaketi karibu naye na kumshika bega. Amevaa viatu viwili visivyofanana, Mwanvua. Sijui kama ameviona.

Leodgar ananiita kwa macho. Nakwenda.

Alitaka nimfute kidevu. Safari hii hakugeuza uso.

Jumatano, alasiri

Mlio umepanda. Asubuhi ulikuwa mwembamba kama filimbi. Sasa ni mkavu, wa juu, na unachukua muda mrefu. Akivuta hewa, ngozi ya juu ya kifua, pale chini ya shingo, inadidimia ndani kama shimo. Mabega yanapanda na kushuka. Jasho. Macho yanataka kufumba. Nilidhani kusinzia ni nafuu — nikamwambia muuguzi, amepata usingizi kidogo. Muuguzi akamtazama mara moja tu, akamwita daktari.

Si usingizi. Anachoka. Kuvuta hewa kumekuwa kazi kama ya kuvuta nanga, naye amekuwa akiifanya tangu jana.

Mtaalamu wa usingizi ametoka. Mtu mrefu, mkimya, anaitwa Harerimana. Alichuchumaa mbele ya Leodgar, akamwamkia shikamoo, akasikiliza. Wakasemezana na daktari kwa kunong'ona. Kisha wakatuita.

Watampeleka ndani akiwa ameketi vivyo hivyo. Watampa hewa ya usingizi polepole huku akipumua mwenyewe. Akishalala, Harerimana atatafuta njia, mara moja, na kupitisha mrija. Daktari wa upasuaji atasimama pembeni, amevaa glavu, kisu tayari. Mrija ukikataa kupita, atakata tundu mbele ya shingo, chini ya uvimbe, na Leodgar atapumua kwa hapo mpaka kifuniko kipone.

Regina aliinuka kutoka sakafuni. "Shingo?"

Hakumwambia daktari. Aliniambia mimi.

"Asubuhi umemfukuza mzee wa watu kwa kisu cha kimeo, kidogo kama kucha. Sasa hivi unakubali kisu cha shingo? Cha shingo, wifi?"

Maisha yangu yote nimewataka watu wajibu kwa sentensi kamili. Nilifungua kinywa. Nikasema, "Sijui, wifi. Naogopa." Akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. Akaushika mkono wangu, akauminya mpaka ukauma, na hakuuachia.

Daktari akainama kwa Leodgar. "Baba, umesikia yote? Wewe ndiye mwenye shingo. Unakubali?"

Alifumbua macho. Akamtazama Regina, akanitazama mimi. Akaweka barakoa mapajani. Akanyoosha mkono wa kulia, akakunja ngumi kwenye kamba isiyokuwepo, akavuta.

Daktari alituuliza amesema nini. Nikamwambia: amesema washa.

Lakini mkono ule haukufika begani. Uliishia kifuani.

Jumatano, baadaye kidogo

Wameingia naye. Kiti kilisukumwa taratibu, Harerimana anatembea kinyumenyume mbele yake akimsemesha. Kabla mlango haujafungwa nilimwuliza daktari nitajuaje. Swali la kijinga, lakini nilikuwa nimekwisha kuliuliza.

"Mnasikia huo mlio?" akasema. "Huo ndio hewa inayopita. Msiuogope. Mrija ukiingia, mlio utakoma."

"Na usipoingia?" Regina akauliza.

Daktari alikuwa anafunga barakoa yake. "Utakoma pia, mama. Ndiyo maana tuna kisu." Akaingia.

Mlango una kioo cha ukungu. Vivuli tu. Lakini mlio unasikika, unapita chini ya mlango mpaka hapa benchini. Ndani unalia. Kimya. Ndani unalia. Kimya.

Mwanvua amekwenda uani kuswali. Gasper yuko garini. Amesema hawezi kukaa mahali panaponuka dawa, nami namwelewa. Tumebaki wawili. Regina ameshika ndala za Leodgar alizovuliwa mlangoni, amezikutanisha soli kwa soli. Ameuliza kwa sauti ndogo: kama angekatwa utotoni, je? Nimemwambia daktari amesema kimeo hakihusiani, ni kitu kingine kabisa, kiko chini. Akaitikia. Sidhani kama ameamini. Akasema, "Nilimtafuta kutwa nzima siku ile. Nilidhani amezama." Kisha tukasikiliza.

Frida nimempigia. Nimemwambia ukweli wote. Amelia, halafu amesema atapanda basi leo. Nimemwambia apige simu akifika Uvinza. Kwa nini Uvinza? Sijui. Nilitaka kuwe na kitu cha kungoja baada ya hiki.

Ndani unalia.

Ndani unalia.

Unakuwa wa polepole zaidi. Nadhani ni ile hewa ya usingizi. Harerimana alisema atakwenda polepole. Nadhani ndiyo hiyo.

Regina ameacha benchi, ameweka sikio mlangoni. Nimetaka kumwambia hairuhusiwi. Sikumwambia. Ananionyesha kidole: bado upo. Nami naitikia.

Bado.

Bado.

Regina ameshusha kidole.

Nimeinamisha kichwa, nimeziba sikio moja kusikiliza kwa lingine. Ndani kuna miguu inayotembea. Kuna chuma kinachogonga chuma. Mtu anasema neno moja, silishiki.

Mlio umekoma.

Regina amegeuka, ndala kifuani, ananitazama mimi nimwambie umekoma kwa lipi kati ya yale mawili ya daktari. Mlango haujafunguliwa.